Siku Tuliposhuka Madungu

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kuhamahama: mwaka huu Uchindile, mwaka ujao Kisawasawa. Mnaniuliza kwa nini sikai na mume. Leo nitawajibu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa upande wa Mngeta, nikiamia ndege katika shamba la mpunga la bwana mmoja. Kila mwanamke alikuwa na dungu lake, kichanja kirefu cha miti, na kombeo la kufukuzia ndege. Nyumbani nilipigwa. Sikio hili la kushoto halisikii tangu wakati huo. Majirani walisema, "Mambo ya mke na mume." Nikavumilia, kwa sababu kukicha ningepanda dunguni. Kule juu, nawaambia, nilikuwa mtu.

Siku moja mume wangu akanifuata hata huko. Mpunga ulikuwa unatia maziwa, punje bado laini. Alipanda ngazi amelewa. "Unamlindia nani huku? Shuka!" Akanivuta mguu, nikaanguka mpaka chini, akanipiga mateke palepale matopeni. Ndege wakavamia sehemu yangu.

Nyapara akaja mbio. Hakumtazama mume wangu, alitazama masuke. "Ugomvi wenu unakula mpunga wa bwana. Kesho usije."

Mnaona? Nimepigwa mimi, nimefukuzwa mimi. Nilijua nikirudi nyumbani na mtu yule, nitatolewa nimebebwa.

Katika dungu la jirani alikuwako mama mmoja, Mndamba kwa kabila. Akapaza sauti: "Wee nyapara! Huyo akienda, tunakwenda sote!"

"Mama, usinichekeshe. Amia ndege."

"Amia wewe, mwenye mdomo mkubwa!"

Akashuka. Akafuata wa pili, wa tatu, hadi mstari mzima wa madungu ukabaki mtupu. Nanyi wakulima mnajua: mpunga wa maziwa ukiachiwa ndege, utavuna makapi. Wingu la ndege likageuka juu yetu. Nyapara jasho likamtoka.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "toka shambani. Nikikuona tena, nakufunga kamba."

Wanawake wakamsindikiza hadi barabarani, makombeo mkononi. Mimi nikaendelea na kazi, nikilala kwa yule mama mpaka mavuno, kisha nikashika njia ya Ifakara.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Hata leo mlevi akicheka nje, nafunga mlango.

Nawashukuru wanawake wale. Wengi wao tumekwisha kuwazika. Walikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyeniambia, "Vumilia." Ndugu zangu, mwenzenu akipigwa, acheni mlichoshika, mwende.