Glasi ya Kwanza Hunywa Mwenye Shamba

VANDA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Kama ni habari za bia, leo hatuuzi, sheria inakataza kuuza pombe siku ya kufungua shule. Ni tarehe mosi Septemba, nendeni mkapeleke watoto shule.

ZITA: Wifi, ni mimi. Zita.

VANDA: Aa, mke wa kaka. Hujambo? Nisamehe, tangu asubuhi wananipigia kama vile nimeficha kreti chini ya kitanda. Rafu zote nimezifunika shuka, na bado mtu anaingia, anainama, anachungulia chini ya shuka. Mtu mzima na mvi zake.

ZITA: Sijambo. Vanda, Gytis yuko wapi?

VANDA: Mwanao? Si shambani kwetu, anachimba viazi. Wewe mwenyewe ndiye uliyempandisha basi. Na mdogo wake je, shule imefunguliwa vizuri? Maua mlimpelekea mwalimu?

ZITA: Tumepeleka, wifi, sasa hivi ndio natoka huko. Gytis nimempigia mara sita—

VANDA: Simu yake iko hapa kaunta, inachajiwa. Naiona inatetemeka tu. Ningejua ni wewe ningepokea, nilidhani ni msichana.

ZITA: Kuna neno nimelisikia pale shuleni, halinitoki. Watoto wanaimba, na mwanamke aliyekaa mbele yangu anamnong'oneza mwenzake. Anasema ng'ambo ya ziwa lenu walizika mtu Alhamisi. Kwenye chakula cha matanga wakanywa gongo ya dumu. Kesho yake mwanamume mmoja kaamka, kakaa mezani, kamwuliza mkewe mbona hajawasha taa. Na jua limejaa jikoni, Vanda.

VANDA: Maneno ya watu wa mjini hayo. Kila mwaka siku ya leo lazima yazuke. Mwaka juzi walisema kuna mtu kanywa marashi.

ZITA: Na alikunywa.

VANDA: Alikunywa, lakini hakufa.

ZITA: Vanda, wachimbaji leo mnawapa nini?

VANDA: Supu ya viazisukari vyekundu, nyama ya nguruwe ya kuvuta moshi, jibini, mkate. Nimeamka saa kumi na moja kupika, usinione nimekaa dukani.

ZITA: Na cha kunywa?

VANDA: Maji ya matufaha.

ZITA: Watu wanane wamevunjika mgongo tangu asubuhi, na mumeo Bronius anawapa maji ya matufaha.

VANDA: Haloo? Sikusikii vizuri, mtandao—

ZITA: Unanisikia. Umesimama dirishani hapohapo, penye mtandao. Mumeo kawapa nini?

VANDA: We Zita, unanihoji kama wale wakaguzi. Walikuja saa nne, wakanipima kwa macho, wakapiga picha shuka. Juzi kijana wako mwenyewe alikuja anataka bia moja, nikamwomba kitambulisho. Mtoto wa kaka yangu. Kumi na tisa, na sheria inataka ishirini, nikamwambia rudi mwakani. Akanicheka, akasema, shangazi, gari naruhusiwa kuendesha, bunduki naruhusiwa kubeba, bia inanishinda. Nikamwambia sheria si mimi niliyeitunga. Sasa unadhani mimi ni mtu wa kuchezea sheria?

ZITA: Dukani kwako huchezi. Sikuulizi ya dukani.

VANDA: Tulisahau tarehe, wifi. Ndio hivyo. Jana nimesimama hapa nauza mpaka saa tisa alasiri, kijiji kizima kimejiwekea akiba, napokea pesa kwa mikono miwili, na sikukumbuka kujitengea hata chupa mbili. Bronius kakumbuka leo asubuhi, watu wameshafika na ndoo zao. Muuzaji wa dukani, halafu shamba lake likose chupa? Wangenisema mpaka Krismasi. Na mwakani nani angekuja kunichimbia?

ZITA: Kwa hiyo?

VANDA: Kwa hiyo... katafuta.

ZITA: Kwa nani?

VANDA: Kwa Vladas, basi, kwa nani mwingine. Usiogope, si dumu hilo. Vladas tumekunywa kwake miaka ishirini. Harusi yako ulikunywa ya nani? Ya nafaka ya rai, ina asali, chupa zile zile za kizibo cha gunzi. Ya Vladas hata kasisi anasugulia magoti.

ZITA: Vladas wa kule msituni?

VANDA: Huyohuyo.

ZITA: Si mlinihadithia wakati wa Pasaka kwamba polisi walimchukulia mtambo wa kupikia gongo? Kaka yako alicheka mpaka akapaliwa. Sufuria ya shaba walivyoibeba wawili, na mkewe anawakimbiza na mwiko.

VANDA: Ndiyo, walimchukulia.

ZITA: Alipata mwingine?

VANDA: Wapi. Faini yenyewe hajamaliza.

ZITA: Basi anapikia nini, wifi?

VANDA: Ngoja, kuna mteja mlangoni.

ZITA: Vanda.

VANDA: Nakusikia.

ZITA: Kama hana mtambo tangu Pasaka, kile anachouza kinatoka wapi?

VANDA: Labda ya zamani... alikuwa na akiba...

ZITA: Miezi mitano? Akiba kwa wanywaji wa kwenu?

VANDA: Huwa kunakuja gari dogo jeupe. [kwa sauti ya chini] Siku za Jumatano. Mimi nilidhani anauza uyoga.

ZITA: Funga duka.

VANDA: Zita, siwezi kufunga duka hivihivi. Bosi ana kamera, anatazama kutoka nyumbani kwake. Mara ya kwanza alinikata mshahara—

ZITA: Funga duka, Vanda. Mimi nafagia wodi, unajua. Waliokunywa spiriti ya kiwandani nimewafagilia chini ya vitanda. Hawaji wakati wanalewa, wanakuja siku ya pili, macho yameshakwenda. Na mwanangu ana miaka kumi na tisa, kwako hapati bia ya kopo, lakini shambani kwako nani atamwomba kitambulisho? Saa ngapi mnakula?

VANDA: Saa nane.

ZITA: Sasa hivi ni saa nane na dakika tano.

VANDA: [mlango, funguo] Nimetoka. Nimetoka, nakuja nawe kwenye simu. [mbali na simu] Bibi, leo basi, rudi baadaye. Nimesema baadaye, mkate haukimbii. Zita, upo?

ZITA: Nipo. Kimbia.

VANDA: Nakimbia na viatu vya dukani, mama yangu. Kutoka hapa hadi kwenye meza ni— subiri nipite uzio wa kanisa. Hawataanza bila mimi.

ZITA: Wana njaa, wataanza. Unawaona?

VANDA: [mtandao unakwaruza] —meweka mbao juu ya makreti, wamekaa. Naona kofia ya Gytis.

ZITA: Anafanya nini?

VANDA: Anakula. Ana mkate. Glasi iko— aa, wanazungusha.

ZITA: Mwite.

VANDA: [mbali na simu] Weka chini. Antanas, nakwambia weka chini hiyo glasi. Usiicheke sura yangu, weka chini. Gytis, nyosha mikono niione. Umekunywa? Nitazame. Umekunywa wewe?

ZITA: Vanda? Amesema nini? Vanda?

VANDA: [anahema] Hajanywa. Yeye ni wa nne kwenye zamu. Glasi ilikuwa kwa Antanas, mchimbaji mwenzake, ndiyo kwanza anawaombea wenyeji afya, unajua maneno yake yalivyo marefu. Ulimi wa Antanas umemwokoa. Midomo haijagusa. Nimeimwaga kwenye mfereji wa viazi.

ZITA: Namshukuru Mungu. Namshukuru Mungu, wifi, nimekaa hapa kwenye ngazi za shule kama kichaa. Basi hakuna aliyekunywa.

VANDA: Glasi ya kwanza hunywa mwenye shamba, Zita. Ili wageni wajue kinywaji ni kizuri.

ZITA: Bronius.

VANDA: Yuko hapa ananikasirikia. Anasema nimemwaibisha mbele za watu, kwamba nimepata wazimu wa tarehe mosi. Mzima kabisa. Mwekundu tu, kama kawaida yake.

ZITA: Amekunywa ngapi?

VANDA: Hapa moja. [mbali na simu] Bronius, kule kwa Vladas ulionja? Sikuulizi kwa ugomvi. Ngapi? ... Mbili, asubuhi. Anasema hawezi kununua bila kuonja, hata ng'ombe hutazamwa meno.

ZITA: Na Vladas alikunywa naye?

VANDA: [mbali na simu] Na Vladas je? ... Anasema Vladas alikataa. Alimwambia tumbo linamsumbua. Vladas hajawahi kukataa glasi katika maisha yake.

ZITA: Wifi, nisamehe. Nilimshukuru Mungu haraka.

VANDA: Usiniombe msamaha. Wa kwangu angekuwa wa nne, hata mimi ningeshukuru.

ZITA: Piga simu ya dharura. Mia moja na kumi na mbili.

VANDA: Antanas anapiga, sasa amekuwa mweupe kuliko shati lake. Bronius hataki. Anasema hana kitu, anasema akionekana kwenye gari la wagonjwa kwa glasi tatu atahama kijiji. Ameshashika ndoo anarudi kwenye mistari ya viazi. Bronius, kaa. Kaa hapo. Zita, ninamwambiaje? Haumwi popote. Anaona. Anaona hadi wenye baiskeli kule barabarani, amenitajia majina yao.

ZITA: Leo anaona. Mwambie hiyo ndiyo saa ya kwenda, angali akiona. Wakienda mapema kuna dawa, kuna mashine ya kusafisha damu. Wakingoja waumwe, wanangojea giza.

VANDA: Mwambie wewe. Mimi hanisikilizi. [mbali na simu] Shika, ni wifi. Basi sikilizia hapa.

ZITA: Shemeji, ni Zita. Mwanangu alikuwa wa nne. Ungemzika wewe, au ningemzika mimi? Nenda na gari, shemeji. Kama si sumu utarudi kesho, tutakucheka kidogo, yataisha. Nitakuja mwenyewe kukumalizia mistari yako.

VANDA: [baada ya muda] Ameweka ndoo chini. Amekaa. Gytis amemshika bega, anamwita mjomba wangu, mjomba wangu. Bronius analia, Zita. Sijamwona akilia tangu mazishi ya mama yake.

ZITA: Mwache alie.

VANDA: Kuna kitu sijakwambia.

ZITA: Najua.

VANDA: Unajua nini?

ZITA: Bronius hajui njia za msituni wala bei za gongo. Wewe ndiye unayekaa dukani, unayejua nani anauza nini siku ya leo. Yeye alikuuliza, wewe ukamjibu.

VANDA: Nilimwambia nenda kwa Vladas, sema umetumwa na mimi. Nilisema hivyo huku nakunja shuka la kufunikia rafu. Antanas ananipa simu yake, wanataka kuzungumza na mke wa mgonjwa. Gari liko njiani kutoka mjini Alytus, nusu saa. Lazima nikate. Akili imenitoka, wifi, niambie haraka nisifanye nini, yale unayoyaona wodini. Kwa ufupi.

ZITA: Haya, sikia. Usimwache alale kwanza ati apumzike. Usimwache peke yake hata akienda msalani. Usimpe maziwa wala mafuta ya kutapisha, wala kitu cha kienyeji. Asiendeshe trekta wala gari, hata kama anakwambia ni mzima.

VANDA: Ndiyo. Ndiyo.

ZITA: Usiimwage iliyobaki kwenye chupa, wape wale wa gari waipime. Usimruhusu Antanas wala mtu yeyote aende kwa Vladas na fimbo. Usingoje jioni ndipo uwapigie wengine walionunua kwake leo, wapigie sasa, mmoja mmoja, hata usiosemezana nao.

VANDA: Wananiita, Zita, nakata—

ZITA: Na wakikuuliza kaipata wapi, usiseme hujui. Usiseme alijiendea mwenyewe.