Crist Kanagy, Fundi wa Hatamu, na Vidonge Alivyoviita Chakula

(Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Barbara. Unasomwa na shemeji yake, Yost.)

Crist Kanagy, tunayemzika leo Ijumaa, alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 hapa Belleville, Pennsylvania, mtoto wa tatu wa marehemu Rudy na Sylvia.

Alisoma hadi darasa la nane katika shule yetu ya chumba kimoja, kama sisi sote, akamaliza 1990. Hesabu aliziweza. Kuimba kulimshinda, mwalimu alimwomba afungue mdomo tu, sauti awaachie wenzake.

Tangu 1997 alishona hatamu za farasi. Mteja mmoja alikuja juu kwamba hatamu imekatika. Crist akaigeuza, akaona alama za meno. "Ndugu yangu, hii haikukatika, imeliwa. Mpe farasi nyasi."

Alimwoa Malinda Speicher Alhamisi, tarehe 18 Novemba 1999.

Juni 2020 alitoka kukata kuni na kupe kwapani. Upele wa duara ukatoka, akaupuuza. Magoti yakavimba, uso ukapooza upande, mwisho moyo ukawa unapiga ovyo. Daktari wa mjini akasema ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Akampa antibiotiki, na kwa ajili ya moyo, dawa ya kuzuia damu kuganda. Malinda akaongeza vidonge vya vimeng'enya kutoka duka la mitishamba, vinavyosemekana kuyeyusha ganda wanamojificha vijidudu ili antibiotiki iwafikie. Msiinamishe vichwa, wengi wenu mnavyo kabatini.

Daktari alimwuliza Crist kama kuna kingine anachomeza. Malinda akamgusa kiwiko, akasema kwa Kijerumani chetu cha nyumbani, asichokijua daktari, "Mtajie na vile vya dukani."

Crist akamjibu mkewe, "Mama Rudy, vile viko rafu moja na unga. Ni chakula. Nimtajie na mkate?" Kisha akamgeukia daktari kwa Kiingereza: "Hakuna."

Binti yao Sadie alikuwepo, alisikia yote. Dawa ya moyo na vimeng'enya, Crist akaendelea kuvimeza pamoja hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita Crist aliteleza kwenye ngazi ya ghala la nyasi, akagonga kichwa. Nje lilikuwa jeraha la kufunika kwa kidole. Ndani damu haikukoma. Hospitali walisema vimeng'enya na ile dawa ya moyo huenda vilisaidiana kuilainisha damu kupita kiasi, lakini hawawezi kuapa. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Oktoba 2021.

Tangu siku hiyo, jikoni viazi vinamenywa na Malinda anamenywa pamoja navyo, eti kamwua mume kwa chupa ya vidonge. Mnaosema mnajijua. Malinda hali chakula, na jana aliniambia leo atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilimpenda kaka yangu. Lakini aliyeulizwa ni yeye, na aliyejibu ni yeye.

Ameacha mjane, Malinda, ambaye atakaa benchi la mbele, mahali pake. Watoto wao Rudy, Sadie, Ezra na Lomie. Na dada mmoja, mimi. Mwenye vidonge nyumbani amtajie daktari wake, kwa lugha ya daktari.

Mungu amjalie Crist usingizi mwema, na mkewe naye aachwe alale.