Mguu Chini ya Pazia

Mheshimiwa Chef wa groupement. Bwana Daktari Mkuu wa zone yetu ya afya. Baba Padri na Bwana Mchungaji, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja. Wanakamati wa kituo cha afya. Wageni wetu mliotoka Uvira mkisukuma pikipiki kwenye matope. Akina baba, na ninyi akina mama wa Kabondwe mlionituma niseme: nawasalimu wote, na niliyemruka ajue nimemsalimu mara mbili moyoni.

Nawaomba msamaha kwa jinsi nilivyosimama. Wageni wataona nimegeuza ubavu na siitazami meza kuu. Si kiburi. Pale ameketi muganga wetu wa kituo cha afya, anayetuacha leo baada ya miaka kumi na minne, amehamishiwa Uvira, na muganga huyo amemuoa binti yangu Olive. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawatajani jina, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na miwili mimi na yeye tumepishana hivyo, kwa heshima kubwa na viatu vyenye umande.

Mimi naitwa Apollinarie. Nilifundisha darasa la tatu hapa miaka ishirini na sita. Wengi wenu niliwafundisha kusoma, na wachache, mnajijua, mlinishinda.

Niseme ukweli ambao kamati haikuuandika kwenye programu. Huyu muganga tulimfunga kamba. Kabla yake walikuja watatu. Wa kwanza alivumilia msimu mmoja wa mvua. Wa pili aliugua, akaenda kutibiwa kwingine. Wa tatu alikwenda Uvira kutafuta network, na nadhani hadi leo anaitafuta. Alipofika huyu kijana wa Bwegera, mtoto wa wakulima wa mpunga, ambaye alikuwa akikata vichwa vya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kabla ya kula, akina mama tukaketi tukasema: huyu asitoroke, apewe mke. Wa kwanza kupandisha mkono nilikuwa mimi. Na Olive, niseme haki, hakulazimishwa. Mwezi ule alikuwa amekwenda kituoni mara nne kwa kuumwa kichwa.

Tulifurahi, hatukufikiri. Maana siku alipomuoa Olive, mimi nikawa mama mkwe, dada zangu wakawa mama wakwe, na binamu zangu, na wake za kaka zangu. Na katika mji mdogo kama huu, ambamo kila nyumba ina ndugu yetu, nusu ya wanawake wazima wakawa hawawezi tena kuingia chumba cha muganga. Je, mama mkwe atavuaje blauzi mbele ya mkwe wake? Atamwambiaje kwamba anaumwa hapa na hapa? Tulikuwa tumempata muganga na kupoteza mikono yake. Tukabaki nyumbani na majani yetu ya kuchemsha.

Mdogo wangu Laure alikohoa miezi mitano. Kutoka mlangoni pake hadi kituoni ni hatua mia mbili. Nilimwambia aende, akaniuliza: "Weye ungeenda?" Nikaacha kumsihi, kwa sababu nisingeenda. Tulimzika Aprili. Mkwe wetu alisimama mbali na kaburi kama desturi inavyotaka, na baadaye Olive akaniambia alichosema alipofika nyumbani: "Dawa yake ilikuwa mu kabati." Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Leo nalisema, na linaniuma kama siku ile.

Mwaka uliofuata nikakanyaga ndoana pale tunapoanika ndagala. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari bila kujua, na kidonda hakikupona. Mimi, niliyewafundisha watoto wenu kuosha vidonda kwa maji safi na sabuni, nilikifunga changu kwa kipande cha kitenge, nikakificha wiki saba. Nilimtuma Olive akamwombe mumewe dawa "ya jirani". Nilijiona nina akili sana.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, huinamisha macho. Na mtu aliyeinamisha macho miaka sita anaona nini? Miguu. Mkwe wangu hakuujua uso wangu, lakini miguu yangu aliijua kuliko mimi mwenyewe. Siku moja nilipita nyuma ya uzio wao, akamwambia Olive: "Mama yako anakanyaga na kisigino. Ule jirani, ni yeye."

Akatundika pazia kituoni. Mimi ndani pamoja na Florentine, anayefagia kituo; muganga upande wa pili, ametugeuzia mgongo, anauliza.

"Florentine, iko rangi gani?"

"Iko nyeusi."

"Inanuka?"

"Muganga, na weye hausikie?"

Hivyo ndivyo nilivyotibiwa siku tisa. Siku ya kumi kidole kilikuwa kimekufa. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la kunipeleka Uvira halingeweza kufika. Florentine akaweka beseni chini akasema: "Minye niko mufagiaji. Kukata, hapana."

Ndipo nikaisikia sauti ya mkwe wangu karibu na pazia. "Mama, tukingoja barabara, utapoteza mguu yote. Mama Laure nilimuzika nikiwa mukwe. Weye sitaki kukuzika. Leo minye niko muganga tu. Unipe ruhusa."

Ndugu zangu, sikusema ndiyo. Mdomo ulikataa. Nilinyoosha mguu, nikaupitisha chini ya pazia, naye akaupokea kwa mikono miwili. Ndiyo maana leo nimesimama mbele yenu, nina vidole tisa na miguu miwili.

Habari kwetu hailali. Wiki ile ile dada yangu Fabiola akaenda, akaketi nyuma ya pazia, akapitisha mguu. Muganga akaushika, akaugeuza, akaukagua, mwishowe akauliza unauma wapi. "Ni jino," akasema Fabiola. Akamjibu kwa heshima zote: "Mama, jino haiko huku." Mnacheka, na Fabiola anacheka kuliko ninyi. Lakini baada yake walikuja wengine kumi na mmoja, na polepole pazia likawa linasogezwa: leo mkono, kesho kifua, kesho kutwa mtu mzima. Mwaka huu limebaki kwa ajili yangu peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mkaidi.

Muganga Thierry, wewe uliyekuja kupokea funguo, nimeambiwa hujaoa. Nimeona pia sahani tatu za samaki mukeke zimefika mlangoni pako tangu juzi. Kula, mwanangu. Na ukimpenda binti wa hapa, muoe. Ila akina mama, mbele ya Chef na watumishi hawa wa Mungu, naomba tukubaliane leo: ukwe wetu ubaki nyumbani, na njiani, na kwenye sherehe, lakini mkwe akivuka mlango wa kituo, huyo ni muganga, na sisi ni wagonjwa. Heshima tuliyomwekea mkwe wetu ilikuwa nzuri, na ilimuua Laure. Sitaki kuzika mwingine kwa ajili ya heshima.

Olive, mwanangu, nenda salama. Wajukuu wangu waje kila likizo, na usiniletee kisingizio cha barabara. Ninyi wote mlionitegea masikio, kuanzia meza kuu hadi mliokosa viti, nawashukuru, Mungu awabariki.

Imebaki salamu moja. Sasa nageuka.

Octave. Ndiyo, nimekutaja jina. Njoo unipe mkono, mwanangu, na uinue macho: mwenye ile miguu ndiye huyu.