Mama Yangu Amemzeesha Kinyozi

Kijiwe chetu ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kikawekwa nje ya kibanda cha Kinyozi, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Wote wanaokikalia walipokewa duniani na mama yangu, mkunga wa mtaa huu tangu barabara haijaona lami. Sasa ana miaka themanini na saba. Meno yamemhama, kumbukumbu imekataa kuhama. Juzi alijialika kwenye posa ya Kinyozi, akamsikia bwana mzima anajitaja ana miaka thelathini na tisa. Alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Wewe ulitanguliza miguu, mwaka daraja liliposombwa. Una hamsini na moja!" Posa ikasimama hapo hapo.

Kinyozi: — Mama Birika, mama yako kaniua. Mfungie ndani!

— Nimfungie kwa komeo gani? Nilimficha fimbo, akatoka na mwiko.

Dalali: — Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ungemkanya mapema.

— Samaki mwenyewe ana miaka themanini na saba! Nani amkunje, wewe?

Fundi Saa: — Mimi nasema katumwa. Yule kinyozi mpya wa kona ya pili anampelekea sukari.

— Mama yangu hanunuliki kwa sukari. Kwa ugoro, labda.

Dalali: — Kinyozi gani? Hii ni serikali! Si alimwambia mlinzi wa ghala, mbele ya bosi wake, kwamba kapitiliza umri wa kustaafu? Leo mlinzi yuko wapi? Bibi ana daftari, sote tumo.

— Hajui kuandika hata jina lake, Dalali.

— Ndiyo hatari yenyewe! Daftari la kichwani halichomeki.

Fundi Saa akainama, akapunguza sauti.

— Mnaona madogo. Kila anayemwongezea miaka, yeye yake inapungua. Jana kapanda ngazi za ghorofa bila kushika ukuta. Anatupakulia uzee wake, jamani!

Hapo damu ikanichemka.

— Weka kikombe changu chini! Mama yangu mchawi? Ulizaliwa kimya kama gogo, nani alikupulizia mdomoni mpaka ukalia? Pumzi unayomtukania ni yake!

Akaweka kikombe. Kina kahawa, lakini akaweka.

Dalali akamgeukia Kinyozi, ati anamliwaza:

— Usijali, ndugu yangu. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo wewe ficha mpaka mwisho.

Kabla sijamjibu, nikamwona mchumba wa Kinyozi anakuja, yule fundi cherehani, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

— Shikamoo, Mama Birika.

— Marahaba, mwanangu.

Kinyozi akaruka kumfutia kiti.

— Usihangaike. Natoka kwa bibi. Kanieleza yote, hata ulivyozaliwa mwepesi.

— Yule ni mzee tu, kichwa chake...

— Kichwa chake kizima, usimsingizie. Na hamsini na moja hainisumbui, mimi mwenyewe si mtoto. Nataka kujua kitu kimoja. Hiyo miaka kumi na miwili uliyoikata, ulikuwa na nani?

Kinyozi akakaa ukingoni mwa kiti.

— Sikuwa na mtu. Nilinyoa watu, nikala, nikalala. Niliona aibu kuihesabu.

— Nani shahidi wako?

Sisi watatu ndio tulioapa ukweni kwamba Kinyozi ana thelathini na tisa. Fundi Saa akaanza kutafuta kitu mfukoni. Dalali, ambaye ana methali hata ya kuombea kiberiti, akakosa. Na mimi nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Binti akakaa, akakunja mikono.

— Nangoja.

Kinyozi akaniinamia sikioni, macho mekundu.

— Mama Birika, tafadhali. Kamwite mama yako.