Fremu Tupu ya Mwalimu Getruda na Furukombe wa Rukuba

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Fizikia, na karibu miaka hiyohiyo ya kuwanyemelea ndege akiwa na kamera, Mwalimu Getruda Wankyo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ndege wa Musoma, Bunda na Butiama wameshapata habari. Tunaona wameanza kukaa vizuri kwenye matawi, sasa hivi, wakati tumeshachelewa!

Mwalimu alizaliwa Butiama katika familia ya wafugaji, akaanza kazi Bunda akiwa na kamera ya filamu aliyoachiwa na mjomba wake. Likizo yake ya kwanza aliimalizia kwa minana waliokuwa wakisuka viota kwenye matete. Picha zilipotoka studio, mwenye studio alimvuta pembeni na kumwuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, haya matete ni ya utafiti?" Kila tete lilionekana mpaka mistari yake. Minana walikuwa nyuma, kama matone ya chai kwenye kitambaa cha meza.

Kutokana na matete yale ndipo ilipozaliwa kanuni ya kwanza ya Klabu yetu ya Ndege na Kamera, ambayo kila mwanachama anaweza kuisema hata akiamshwa usingizini: kamera ukiiachia ichague yenyewe, itachagua kilicho karibu. Kwa hiyo chagua nukta moja, iweke kwenye jicho la ndege, na ndege akienda, nenda naye. Jicho likiwa kali, mkia wenye ukungu unasamehewa. Jicho likiwa na ukungu, futa picha, unywe maji, uanze tena.

Kanuni ya pili ilizaliwa hapa Shule ya Sekondari Mawe Matatu, Nyasho, alipohamia na kukuta hakuna ndege anayekubali kufundishiwa. Alimleta kuku wake mweupe, aitwaye Bibi Harusi, akamweka mbele ya tenki jeusi la maji. Kamera iliona weusi mwingi, ikadhani ni giza, ikaongeza mwanga, na Bibi Harusi akatoka kama shuka lililoanikwa juani: manyoya hakuna, ni weupe mtupu. "Weupe ukiungua haurudi," Mwalimu akasema. "Punguza mwanga, uokoe weupe kwanza. Weusi utajitetea wenyewe." Kuku huyo leo ana picha nyingi kuliko mkuu wa shule, na mkuu wa shule mwenyewe amekubali kwamba kuku ametoka vizuri zaidi.

Sasa tufike kwenye fremu.

Miaka minane iliyopita, Mwalimu Getruda alisimama mstarini akaahidi kwamba kabla hajastaafu ataachia shule picha ya furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe na mwili wa kahawia, akinyakua samaki. Jicho liwe kali, na manyoya ya shingo yahesabike. Jirani yake wa ofisini, Mwalimu Clementi wa Hisabati, hakupoteza muda. Wiki iliyofuata alitundika ukumbini fremu kubwa, tupu, na chini yake akabandika karatasi: "Furukombe wa Madam Getruda. Yuko njiani."

Akawa njiani miaka yote minane. Wazazi wameonyeshwa fremu hiyo. Mkaguzi mmoja aliisifia kioo chake.

Januari mwaka huu, kwenye kikao cha walimu, Mwalimu Clementi akatoa tangazo lililofika madarasani kabla kikao hakijaisha. "Madam, ukistaafu fremu ikiwa tupu, naweka picha yangu. Ukuta hauwezi kusubiri mpaka upate pensheni." Walimu walicheka. Mwalimu Getruda hakucheka. Ukuta ule ndio tunaoutazama tukiwa kwenye mitihani, jibu linapogoma kuja. "Miaka yote hii nimewafundisha mwanga," alituambia klabuni, "halafu mfanye mtihani wa taifa mkitazamana na kipara cha Clementi?"

Februari alikwenda ufukweni, mawingu yakamkatalia. Machi furukombe alikuja, lakini kichwa kikaungua, kikawa kama balbu. Aprili alipata picha kali kabisa ya mkia. Ikabaki Jumamosi moja tu isiyo na usahihishaji, ya mwisho ya Mei. Asubuhi hiyo tulipanda mtumbwi wa injini wa Bwana Apolinary kwenda kisiwa cha Rukuba: Mwalimu Getruda, wanaklabu wanne, na Mwalimu Clementi, aliyejialika mwenyewe kama shahidi. Tulipoondoka tu, upepo ulichukua kofia yake na kuikabidhi ziwani. Akakaa mbele, kichwa wazi, jua likimkaribisha.

Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu karibu na miamba ya Rukuba. Tulizima injini. Tukasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, na ndege yuleyule anatutazama tu, kama mtu asiyedaiwa.

"Mama, mbona unajitesa?" alisema Bwana Apolinary, akinyanyua samaki mdogo kwenye beseni. "Sisi tunampigiaga mluzi, tunamtupiaga furu, anakuja mwenyewe. Niko tayari."

Tulimtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba. Ilikuwa siku ya mwisho, na fremu ilikuwa tupu. Lakini Mwalimu akatikisa kichwa. "Asante baba. Ndege niliyemhonga si picha, ni risiti."

Akaweka kamera tayari: kasi kubwa ya kuzuia bawa lisiache ukungu, na mwanga alioupima na kuufunga kwa mkono, ukiwa umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kile kichwa cheupe. Alitueleza kwa kunong'ona kwamba kamera ikijipimia yenyewe hubabaika kila kinapopita kitu kinachong'aa. Hakujua kinachokuja.

Furukombe akaruka. Akashuka juu ya maji, miguu mbele. Na Mwalimu Clementi, shahidi wetu, akasimama!

"Huyo! Huyo! Madam, piga! Piga!"

"Mzee kaa chini, utatumwaga wote!" alipaza sauti Bwana Apolinary.

Kipara kikainuka mbele ya lenzi, kikubwa kama chungu, kimeshika jua lote la asubuhi. Kamera nyingine yoyote ingekikumbatia. Ingekishika kwa sababu kiko karibu, na ingelitia ziwa zima giza kwa sababu kinang'aa. Lakini mwanga ulikuwa umefungwa, na nukta ilikuwa kwenye jicho la ndege, nayo haikubanduka. Mtumbwi ukiyumba, kamera ikalia mfululizo.

Mwalimu alimpa Jeska, katibu wa klabu, kamera ile. "Niambie wewe. Mimi siwezi kuangalia."

Jeska akaikuza picha. Jicho. Akaikuza zaidi. Manyoya ya shingo, moja moja, na sato kwenye kucha, akidondosha maji. Tulipiga kelele mpaka wavuvi wa kambini wakatoka kutazama nani amezama. Mwalimu Getruda alicheza kwaito akiwa amekaa, maana kusimama tulikuwa tumeshaona matokeo yake.

Ndipo Jeska akaona kona ya chini, kushoto. Pale, katika ukungu laini, kuna kichwa kimoja kinachong'aa na mikono miwili hewani.

Mwalimu angeweza kuikata kona ile. Mwalimu Clementi akamwahi: "Madam, ukinikata siji kwenye sherehe." Naye akamjibu, "Si ulitaka ukuta? Haya, kaa na mwenzako."

Wageni wetu, fremu ni ile pale, imefunikwa kitenge. Tunaomba asiyeifunika asiifunue mpaka baada ya hotuba. Ikifunuliwa, anzeni na jicho, kama alivyotufundisha. Kona ya kushoto mtaifikia tu. Karatasi ya chini imebadilishwa na mwandishi wake mwenyewe. Sasa inasema: "Amefika."

Mwalimu Getruda, asante kwa matete, kwa Bibi Harusi, na kwa kukataa furu wa bure. Tunakuombea asubuhi za mwanga mpole huko Butiama, ndege wasio na haraka, na afya ya kuwafuata. Na mtu yeyote asisimame mbele ya lenzi yako, labda awe Mwalimu Clementi, siku utakapoanza kumkumbuka.

Rhobi Mniko, Kidato cha Tatu
Kwa niaba ya Klabu ya Ndege na Kamera