Makucha ya Bibi Asiyezeeka

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Baudouin, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kilburn mkabadilisha mabasi mpaka huku Hayes. Na wewe Bi Lau, mkazi wetu mwenye miaka tisini na mbili, uliyeketi hapo mbele umevaa glovu za sufu ndani ya ukumbi wenye joto namna hii: hamjambo? Plamedi, mtafsirie Bi Lau kwa Kiingereza, wala usiruke kitu.

Mimi ni Jaya, mzaliwa wa Magu, mkoani Mwanza, meneja wa makao haya ya wazee. Leo tunamuaga mama yake Plamedi, Mama Emérence wa Bukavu, anayestaafu baada ya kufanya kazi hapa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumwona mtu mwenye kucha ndefu akamwacha salama. Mheshimiwa Diwani, ficha mikono.

Mwaka 1999 aliletwa kwetu Bi Lau. Alikubali kuogeshwa, alikubali hata chai yetu, lakini kukatwa kucha, hapana. Alijikwaruza usingizini mpaka damu, na kila aliyesogea na mkasi alifukuzwa. Dirishani kwake palikuwa na sanamu ya mbao, mwanamke kijana ameshika tunda, makucha yake kama ya kuku. Mama Emérence akaitazama juma zima, kisha akaniambia, "Mama Jaya, ulimuona ule mama wa pa dirisha? Ni ye anamufundisha huyu bibi. Tuanzie kwake."

Nilidhani anatania. Nani asingedhani? Jumanne akaingia na tupa ya kucha, akazisugua kucha zote kumi za sanamu, moja moja, akazipaka na mafuta.

Jumapili akaja mtoto wa Bi Lau. Ndugu zangu, ndege zinazotua uwanjani hapo jirani hazijawahi kupiga kelele zile! Kumbe sanamu ni urithi wa ukoo. Akataka Emérence aondoke siku hiyohiyo. Na mimi, naungama mbele yenu, barua ya kumwachisha kazi nilikuwa nimeshaiandika. Ndiyo, Mama Plamedi, mimi niliyekuwa nakula sombe yako, kisamvu chenu, kila Ijumaa. Naona aibu mpaka leo.

Tukaenda kuomba radhi mbele ya mtoto wake, mimi mkalimani wa Kiingereza. Bi Lau akatueleza kwamba yule wa kwenye sanamu anaitwa Magu. Nikaruka: Magu ya kwetu? Hapana, ni bibi wa Kichina asiyekufa, mwenye sura ya msichana wa miaka kumi na minane, ingawa ameiona bahari ikigeuka mashamba ya miforosadi mara tatu. Siku moja karamuni, mwanamume mmoja aliyaona makucha yale, akawaza kimoyomoyo: haya yangenikuna mgongo vizuri mno! Hakutamka neno. Papo hapo akachapwa kwa mjeledi usioonekana.

Nilipomaliza kutafsiri, Emérence alikuwa ameushika mgongo wake kwa mikono miwili. "Mama Jaya, ule aliwaza tu, wakamupiga. Miye nilikata! Muulize, fimbo itakuya lini?"

Bi Lau akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Akasema fimbo ya nini. Shida ni kwamba sasa Magu hana makucha, na yeye hana wa kumkuna mgongo, akajigusa begani. Emérence hakungoja tafsiri. Akazunguka nyuma ya kiti, akamkuna. Bi Lau akafumba macho, na baada ya muda akanyoosha mkono wa kulia, vidole vimetanuka, akautazama mkasi mfukoni mwa Emérence. Mtoto wake akafuta malalamiko, nami barua nikaichana. Tangu hapo, miaka minane, kila Jumanne: kucha kwanza, mgongo baadaye.

Sasa ni wiki ya tatu tangu Bi Lau asikie kwamba Emérence anastaafu, na ni wiki ya tatu ya glovu. Nilijaribu mkasi mwenyewe, nilifukuzwa. Anauliza, Magu ameona bahari zikikauka na bado yuko kazini, huyu miaka sitini tu amechoka?

Mama Plamedi, umechoka kweli. Magoti yako tunayajua, na mabasi yako ya alfajiri pia. Hatuna haki ya kukuomba kitu, na nilikuwa nimeapa nisikuombe. Lakini pale mlangoni uliponipa mkoba wako nikuwekee, ulifunguka. Ndani mlikuwa na Biblia, leso na tupa. Nani huja na tupa kwenye sherehe ya kustaafu kwake?

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Bi Lau, vua glovu. Leo ni Jumanne.