Idara Zote za Kampuni ya Binti wa Fundi Saa

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi Saa, pale kona, na ukikaa hapo unasikia saa zote za dukani zikibishana kama sisi: hii inasema mchana, ile inasema jioni, na hakuna inayokubali kushindwa. Siku hiyo Fundi alikuwa amezisukumia saa zake upande mmoja, akaweka meza, kiti, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: MKONO KWA KAZI, WAKALA WA AJIRA. Kampuni ni ya bintiye. Naye binti alikuwa amekaa mlangoni, kompyuta mapajani, anafungua anwani za barua pepe za ofisi, kwa sababu meneja wa kiwanda cha mikate alikuwa amemwambia wazi kwenye simu: anataka wafanyakazi, na barua ya binti ataisoma leo kabla hajafunga ofisi, ila si kutoka kwenye ile anwani yake ya zamani. Ile ya zamani aliifungua akiwa shule. Inaitwa Malkia wa Usingizi.

— Meneja hajakosea, alisema Kocha, ambaye hana timu ila ana filimbi. Malkia wa Usingizi atamletea nani wa kuwasha tanuri alfajiri?

— Chekeni, alisema Fundi Saa. Mkimaliza kucheka, kumbukeni kampuni ni ya mwanangu. Mwanangu wa kumzaa.

— Tumesikia, Fundi. Tangu asubuhi.

— Basi sikieni tena.

Bi Birika alizunguka akimimina kahawa.

— Nani anaosha vikombe leo? aliuliza.

Watu wakatazama barabarani.

— Nimefungua anwani moja, alisema binti. Kabla ya ile a iliyojikunja mkia nimeweka neno "ajira", baada yake jina la kampuni. Inatosha?

— Moja! Muhuri nusura amwage kahawa. Huyu ni karani mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aligonga barua za watu muhuri. Mwanangu, ofisi ya anwani moja ni kibanda. Ofisi ni idara! Weka fedha. Weka sheria. Weka masijala. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Weka na michezo, alisema Kocha.

— Ajira na michezo, wapi na wapi?

— Kwani wafanyakazi hawana miguu?

— Weka Mkurugenzi Mkuu, alisema Fundi Saa, na akalitamka neno hilo polepole, kama mtu anayeonja asali.

— Baba, mkurugenzi ndiye mimi. Fedha mimi, masijala mimi. Barua zote zitaangukia kwenye simu hii hii moja.

— Mfukoni! Kocha alipuliza filimbi. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Hapo walimsema chawa, Kocha.

— Chawa, barua, chochote kisichokupa usingizi.

Muhuri alikuwa hajamaliza.

— Weka idara ya malalamiko. Kampuni isiyolalamikiwa, nani anaijua? Weka idara ya ng'ambo.

— Ng'ambo ipi, mjomba?

— Hata ng'ambo ya barabara. Meneja atajuaje?

— Na nenosiri tugawiwe sote, alisema Kocha. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Nenosiri ni siri, mjomba.

— Mficha uchi hazai, binti yangu.

Tulicheka hadi Bi Birika akaweka birika chini. Lakini nilipochungulia kwenye kompyuta niliona binti ameanza kuziandika kweli: fedha, sheria, masijala, ng'ambo. Sikushangaa. Ukizungukwa na watu wanaokuona mkubwa, hata wewe unaanza kunyoosha shingo.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja, bahasha kwapani, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alisoma kibao, akakisoma tena.

— Hodi. Ndiyo ofisi ya ajira?

— Ndiyo yenyewe! Fundi Saa alisimama. Ya mwanangu.

— Ina idara zote, aliongeza Muhuri. Andika barua pepe, mama, popote utakapo. Itapokelewa.

— Kupokelewa si shida, baba. Mama alifungua bahasha, akatoa nakala za barua zake za kuomba kazi, kila moja ina muhuri. Hizi zote zilipokelewa. Mimi nauliza, nikiandika hapo kwenu, nani atanijibu?

Kocha aliishika filimbi yake, asiipulize. Fundi Saa alimtazama bintiye. Muhuri aliitazama ile mihuri, kisha akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu.

Binti aliifuta ng'ambo. Akaifuta masijala, sheria, fedha. Akafuta hata "ajira", akaandika neno jingine.

— Shikamoo, mama. Simu yako ina intaneti? Anwani yetu ni hii: "majibu", kisha jina la kampuni. Niandikie sasa hivi.

— Sasa hivi? Fundi Saa aligeukia saa zake, na kila moja ikamwambia lake. Mwanangu, meneja anafunga ofisi! Mikate kwanza!

— Baba, kaa.

Mama aliandika kwa kidole kimoja, sisi tumemkodolea macho kama wanaosubiri penalti. Simu ya binti ikalia. Akasoma, akaandika. Simu ya mama nayo ikalia, naye akatusomea:

— "Mama, barua yako nimeisoma. Leo sina mwajiri anayetafuta fundi cherehani. Nikimpata nitakuandikia. Nisipompata hadi Ijumaa, nitakuandikia pia."

Hakupata kazi. Lakini aliikunja bahasha yake hadi ikawa ndogo, ikaingia mfukoni, na akaondoka bila kuishika kwapani.

Ndipo binti akamwandikia meneja, kutoka anwani ile ile. Tukasubiri. Kahawa ikapoa mikononi. Simu ilipolia, Fundi Saa aliichukua mwenyewe, akasoma kwa sauti:

— "Nimeifungua. Anwani yako nimeipenda. Njoo kesho tuzungumze kuhusu watu wa tanuri."

Akasoma mara ya pili, amesimama, kifua mbele, ili na ng'ambo ya barabara wasikie.

— Mwanangu, alisema. Mwanangu wa kumzaa.

Safari hii hakuna aliyesema tumesikia.

Muhuri alisogea karibu na meza, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake:

— Mwanangu, mtu akitaka kujifunza hii kazi ya kujibu, anaanzia wapi?

Bi Birika aliliinamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Anzia kwangu, alisema. Niliuliza nani anaosha vikombe.